Meno Nane

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Ndivyo mama alivyopenda kuwaambia wageni, kisha ananyamaza kidogo awaangalie wanavyohangaika na nyuso zao. Baadaye ndipo anawaonyesha dirishani. Mke mkubwa ndiye yule pale uani, mwenye rangi ya njano, viti thelathini na vitatu na taa ya nyuma iliyofungwa kwa waya. Baba mwenyewe alilibandika basi lile jina la Bi Mkubwa, wala hakuona cha kuchekesha. Lilikuwa basi la shule, lakini shule haikuwa na mahali pa kuliweka, kwa hiyo lililala kwetu. Siku alipoajiriwa alilikuta tayari limezeeka, na kwa miaka ishirini na sita alilipeleka na kulirudisha, asubuhi na mchana, bila mtoto hata mmoja kuchubuka goti akiwa mikononi mwake. Ukimtaka baba ajisifu, hilo ndilo lilikuwa moja tu alilokubali kulisema.

Mimi ni binti yake, ni fundi wa magari, na mdomo wangu hauna breki. Nasema mapema ili asiyependa ajue pa kuishia kusoma.

Basi nianze na hendibreki, maana ukitaka kumjua baba huanzi kwenye sura yake. Hendibreki ya Bi Mkubwa ni fimbo ya chuma iliyosimama kushoto kwa kiti cha dereva, ndefu, na kichwani ina kitufe. Ukiivuta, chini yake kuna chuma chenye meno kama ya msumeno, na kila jino likikamatwa linalia, ka. Meno manne ya kwanza hayashiki kitu. La tano na la sita yanashika gari mahali tambarare. Lakini geti la shule liko juu ya mlima, na pale, basi likiwa limejaa watoto, ni lazima uvute mpaka la nane. Baba hakuwa dereva wa kukaa kwenye kiti chake akipiga honi watoto washuke. Alishuka yeye kwanza, akazunguka hadi mlangoni, akawapokea wadogo mmoja mmoja kwa mikono. Kwa hiyo pale juu mlimani lile basi lilibaki halina mtu kwenye usukani, linashikwa na meno yale tu.

Ndiyo maana aliweka sheria. Hainuki mtu kabla ya nane. Watoto walihesabu kwa sauti kila jino lilipolia, moja, mbili, tatu, na ilipofika nane ndipo wanaokota mikoba. Wakampa jina la Babu Nane, na wazazi nao wakalichukua. Mwalimu wa chekechea aliwahi kuja kulalamika kwa baba. Alisema watoto wanaopanda basi wanamharibia somo, kwamba ukiwauliza baada ya nane inakuja nini, wote wanajibu: kushuka. Baba alimwomba radhi kwa heshima zote. Kisha alipofika nyumbani alicheka mpaka mama akamletea maji.

Kuifungua nako kuna adabu yake. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilipanda kwenye kiti chake uani, nikabonyeza kitufe na kuisukuma ile fimbo chini kwa nguvu zangu zote. Haikwenda. Nikaning'inia. Nikaanza kulia kwa hasira, maana hata wakati ule nilikuwa mtu wa hasira. Baba akaja akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Husukumi, mama," akaniambia. "Unaivuta kwanza kidogo, jino lipate kupumua. Ndiyo inaachia." Tukaivuta juu pamoja, nikasikia chuma kinaachana na chuma, na fimbo ikashuka yenyewe. Basi halikwenda popote, kwa sababu alishaweka kigogo nyuma ya tairi kabla hajapanda. Mkono wake siku ile ulifunika wangu wote.

Nilipomaliza shule alinipeleka mwenyewe gereji. Fundi mkuu alinitazama juu mpaka chini, akasema huyu msichana atavunjika kucha. Nikamwambia ninazo kumi, azihesabu leo na azihesabu tena mwisho wa mwaka. Baba akakohoa sana, kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Sasa gereji ile mimi ndiye wa breki. Nafanya breki za malori, za magari ya wakubwa na za watu wanaonuna wakimwona mwanamke anatoka chini ya gari lao. Lakini Bi Mkubwa hakuguswa na fundi mwingine ila mimi.

Mwaka mambo haya yalipotokea, baba alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Shule ilishaanza kuandaa sherehe, na mama alishaambiwa kwa siri achague kitambaa. Ndipo asubuhi moja, pale getini, baba akavuta hendibreki, watoto wakahesabu hadi nane, akashuka, akawapokea wadogo kama kawaida. Wa mwisho alikuwa ametua chini basi likaanza kurudi nyuma. Lilirudi polepole sana, kama mtu anayeondoka sebuleni bila kutaka kuonekana. Likaenda hatua mbili, tairi la nyuma likapanda ukingo wa bustani ya maua, likasimama. Hakuna aliyeguswa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa dirishani, na yeye ni mama wa kusema jambo mara moja tu. Alimwita baba ofisini, akampa kiti, akamwambia basi lipelekwe gereji leo leo. Likirudi nyuma tena, hata kwa unene wa kidole, litasimamishwa, na dereva wake atapumzishwa bila kungoja mwisho wa muhula.

Baba aliniletea basi gereji akiwa amevaa shati lake jeupe la Jumatatu. Alisema hendibreki imechoka. Nikampa soda, nikaingia kazini. Niliinua nyuma kwa jeki, nikavua matairi, nikavua drami, zile bakuli za chuma ambazo viatu vya breki huzikamata kwa ndani. Viatu vya breki vilikuwa vinene, nilivibadilisha mwenyewe miezi minne nyuma. Waya wa hendibreki ulikuwa na grisi yake, unateleza vizuri. Ule msumeno niliupitisha kidole, jino kwa jino, yote yalikuwa makali. Nikarudisha kila kitu, nikapanda kitini, nikavuta. Nane. Tukaweka basi kwenye mteremko wa kuingilia gereji. Halikutikisika.

Hapo nikakasirika, maana hakuna kitu kinachoniudhi kama gari zima linaloletwa kwamba ni bovu. Nikaweka vigogo, nikaingia chini ya basi, nikalala pale waya unapopita, nikamwambia baba avute yeye nisikilize.

Akavuta. Nikahesabu kimoyomoyo. Ka, ka, ka, ka, ka. Kisha pumzi ndefu huko juu, na moja ya mwisho, ka. Sita.

"Nane," akasema baba.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Sita tena, na ile ya sita ilikuja kwa shida. Nilikuwa nimelala chali, tone la mafuta linanidondokea shavuni, na sikulifuta. Mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine bila kuyaita. Kikombe cha chai anachokishika kwa mikono miwili siku hizi, akisema anapasha viganja. Redio aliyoniomba niibebe mimi. Mkono wa kushoto unaokaa mfukoni hata akisimama kusalimiana na watu. Breki haikuwa na ugonjwa wowote. Aliyekuwa anaishiwa nguvu ni baba yangu.

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilitoka chini ya lile basi na sikuweza kusema. Niliangalia lile shati jeupe, nikasema, "Waya umelegea, baba. Nitaukaza."

Nikaingia tena chini nikaikaza nati ya waya, nyuzi nne kamili, yaani mizunguko minne, mpaka breki ikaanza kushika kwenye jino la nne na kung'ata kabisa kwenye la sita. Fundi yeyote anajua hiyo si kazi. Breki hupimwa kwa gari. Mimi niliipima kwa mkono wa mtu mmoja, kama fundi cherehani. Tukarudi kwenye mteremko, baba akavuta sita zake, basi likatulia. Akanishika kichwa kwa mkono wa kulia akasema nina mikono ya dhahabu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili nilikwenda kwa wazazi mapema. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, nikamwona mama amesimama mbele ya baba anamfunga vifungo vya shati, kuanzia chini kwenda juu, wanazungumza habari za bei ya mkaa kana kwamba watu wote hufungwa vifungo. Mama alinifuata jikoni. Akaniambia anamfunga tangu mvua za mwanzo, na daktari ameshauona mkono, mishipa ya shingo ndiyo inayobanwa, kuna siku nzuri na siku mbaya. Dereva asiyeweza kuvuta breki, nikamwambia, haendeshi watoto. Mama akaweka sufuria chini. Akasema wiki tisa. Akasema wiki tisa tu zimebaki, na nikimwondoa sasa nitakuwa nimemfuta miaka ishirini na sita yote, kwa sababu yeye atakumbuka mwisho tu. Nikajibu kwamba nimeshakaza nati. Mama alinitazama, akageuka, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Niseme wazi, nilijua ninafanya vibaya. Kila asubuhi saa moja kasorobo, wakati basi linapanda ule mlima, mimi nilikuwa gereji na spana mkononi, nahesabu meno kimoyomoyo. Nilijiambia meno sita yanashika. Nilijiambia nimepima mwenyewe. Nilichosahau, na hili ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi mmoja ningemfukuza kwalo, ni kwamba breki iliyokazwa hivyo haiachii sawasawa. Viatu vinabaki vinasugua drami njia nzima.

Wiki ya tatu tangu nikaze nati, mchana, mwalimu mkuu akanipigia simu. Watoto wameshapanda, dereva yuko kitini, basi halitoki. Nikachukua pikipiki ya gereji.

Harufu ya breki iliyoungua ilinipokea kabla sijafika getini. Nikaelewa hata kabla sijainama. Asubuhi viatu vilikuwa vimesugua drami mpaka zikawa moto, na drami ikiwa moto inatanuka. Baba akaegesha, akavuta sita zake kama kawaida. Siku nzima chuma kikapoa, kikajikunja, kikavibana viatu ndani. Sasa fimbo ilikuwa imeshushwa chini kabisa na magurudumu bado yameshikwa. Mwalimu mkuu alishawashusha watoto wote, wamekaa barazani na mikoba mapajani. Baba alikuwa amesimama kando ya basi. Sikuweza kumtazama usoni. Nikamwomba aniletee kigogo cha pili kutoka chini ya kiti, nami nikaingia chini kulegeza nati uzi mmoja, kisha nikatoka na nyundo nikachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, nikaanza kugonga.

Kando yangu akachuchumaa mtu. Alikuwa msichana mdogo anayekaa kiti cha mbele cha basi, ambaye meno yake mawili ya juu yalikuwa yameng'oka na wenzake walimwita Pengo. Aliniamkia, akaangalia nyundo kwa heshima, kisha akauliza kama meno ya basi yatapona.

Nikamuuliza meno gani.

"Yaliyong'oka. Siku hizi yamebaki sita."

Nikaacha kugonga. Nikamwambia mbona wanahesabu mpaka nane, kila mtu anawasikia.

"Saba na nane tunasema kwa mdomo tu," akasema. "Mkono wa Babu unachoka. Sisi tunammalizia."

Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama nyuma yake, kigogo mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Akakiweka kigogo chini ya tairi, taratibu, akakisukuma kwa mguu kuhakikisha kimekaa. Ndipo akachuchumaa na yeye, magoti yakalia, tukawa watatu kwenye gurudumu moja. Akamuuliza Pengo wameanza lini. Pengo akatambua kwamba amemwaga siri, akatazama viatu vyake. Akasema tangu shule ilipofunguliwa. Walipatana wenyewe kule nyuma, darasa la tatu ndio waliowaambia wadogo.

"Na mnainuka lini?" baba akamuuliza.

"Tukisema nane, Babu."

Baba akamshika bega, akamwambia asante, hajafanya kosa, aende akakae na wenzake. Tukabaki wawili.

"Nati uliikaza nyuzi ngapi?" akaniuliza.

"Nne."

"Mimi nilidhani mbili." Akatikisa kichwa. "Vifungo anavyonifunga mama yako najua uliviona, mlango ulikuwa wazi. Nati yako niliijua siku ile ile, fimbo ilikuwa nzito mapema. Nikanyamaza. Nilitaka kufika mwisho wa muhula, nikasema Mungu wangu, wiki chache tu. Lakini hili la watoto sikulijua. Masikio yangu yalikuwa yanasikia nane."

Nilianza kusema samahani na nikashindwa. Nililia pale pale, nyundo mkononi, mbele ya geti la shule, na sioni haya kuandika hivyo. Baba alinisubiri nimalize kama anavyosubiri mtoto atafute kiatu chini ya kiti.

"Miaka yote hii nimewafundisha wasiinuke mpaka nane," akasema. "Sasa wanainuka kwenye sita, mama. Na wanafanya hivyo kwa kunipenda. Rudisha nati mahali pake."

Nikairudisha, nyuzi tatu zilizobaki, moja moja. Nikagonga drami ya kushoto, kisha ya kulia, na zikaachia kwa mlio mkubwa uliofanya watoto barazani wapige makofi. Wakati huo baba alikuwa ameshaingia ofisini. Alikaa humo muda mfupi sana. Alipotoka alikuwa na funguo kwenye mkono wa kulia na chupa yake ya chai kwapani. Mwalimu mkuu alitoka nyuma yake, macho yake mekundu, akaniuliza kama nina leseni ya mabasi. Nikamwambia ninayo, tunajaribia magari kila siku. Kisha nikamweleza habari ya nati, yote, bila kujipaka mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema nitaandika jambo hilo kwa mkono wangu na kumletea kesho, nami nililiandika.

Nilikaa kwenye kiti ambacho tangu utoto nilikikalia kwa kuiba tu. Baba akakaa kiti cha mbele, karibu na Pengo, akapakata mkoba wake. Nikabonyeza kitufe, nikaivuta fimbo juu kidogo, nikasikia jino linapumua, nikaishusha. Bi Mkubwa akaondoka kama hakuwahi kuwa na neno na mtu.

Kituo cha kwanza nikavuta. Watoto wakahesabu, na walipofika sita sauti zikapungua, wengine wakamgeukia baba wasijue waseme nini. Ka, ikalia. Saba, akasema baba, peke yake. Ka. Nane, wakasema wote, na wakacheka kwa mshangao, maana ilikuwa ni muda mrefu hawajasikia hizo mbili zikilia kweli. Baba akashuka akawapokea kwa mkono mmoja, na akawaaga kila mmoja kwa jina la nyumbani kwao. Hakuwaambia kwamba ni mara ya mwisho. Pengo alishuka kituo cha mwisho kabisa. Alikuwa ameshavuka barabara ndipo akarudi kumpa mkono, kwa adabu, kama mtu mzima.

Tukafika kwetu bado jua lipo. Mama alikuwa anaanua nguo, na aliponiona mimi kwenye usukani alisimama na shuka mikononi. Nikaliingiza basi uani, mahali pake, nikaanza kuvuta hendibreki. Uwanja wetu ni tambarare. Nikafika sita, nikaiachia fimbo, nikageuka kumsaidia baba ashuke.

Hakuinuka. Alikuwa amekaa wima pale kwenye kiti cha mtoto, mikono magotini, vifungo vyote vimefungwa, ananiangalia.

"Sita," akasema.

Nikarudi, nikaishika fimbo kwa mikono miwili, nikavuta.

"Saba," akasema baba. "Nane." Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mbovu, niushike. "Haya, mama. Tunashuka."